Kifuniko cha Kufuli

Siku niliyonunua kifuniko cha tanki chenye kufuli nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyemshinda mwizi. Nilikipata sokoni Owino, kwa mama mmoja anayeuza vitasa na bawaba, kikiwa kimetupwa tu ndani ya beseni. Hakikuwa cha gari langu, na hata yeye hakujua kilitoka kwenye kitu gani. Kilikuwa cha chuma kizito, na kwa ndani kilikuwa na mpira mnene mweusi. Nilipokijaribu kwenye mdomo wa tanki kilikataa, nikakisukuma kwa kiganja mpaka kikaingia, nikageuza ufunguo. Nikakivuta. Hakikutikisika. Nikajiambia kuwa sasa hata harufu haitoki.

Harufu haikutoka, na hewa haikuingia. Lakini hilo nilikuja kulikubali baada ya miezi minne, na kwa miezi hiyo minne mke wangu alipoteza goti lake.

Mimi nilikuwa fundi wa magari ya polisi. Nilitoka kaskazini baada ya kidato cha nne, nikashika spana kambini, nikazeeka nazo. Nilipostaafu nilikuwa na gari moja, saluni ya zamani yenye kabureta, gia kwenye usukani, na kiti cha nyuma kipana kama kitanda. Tunaishi Kibuli, mahali ambapo mteremko ni mkali na ngazi za kushukia uani zimechimbwa kwenye udongo; gari huingia kwa kuzungukia njia ya mbali ya chini. Mvua moja ya asubuhi mke wangu aliteleza kwenye ngazi hizo, akavunjika mfupa wa paja. Pale hospitali ya Mulago alitiwa chuma ndani ya mfupa. Alipotoka, mtaalamu wa mazoezi, binti mwenye mikono ya nguvu, alituambia kwamba mfupa utaunga wenyewe, ila goti tulisaidie. Kila asubuhi mtu alishike na kulikunja nyumbani, na kila baada ya wiki mbili tumrudishe kwake.

"Goti likiachwa linaganda," alisema. "Na likishaganda, sitawadanganya, mimi si wa miujiza."

Mguu ulikuwa umenyooka kama mpini. Kwenye boda hakuweza kukaa, kwenye teksi ya abiria ndiyo kabisa. Lakini kwenye kiti cha nyuma cha gari langu alilala nusu, mguu umenyooshwa, mto chini ya kisigino, akasafiri vizuri. Safari ya kwanza tulikwenda na kurudi bila tatizo. Nilijiona mume wa maana sana siku ile.

Kwa mazoezi ya nyumbani nilijaribu mimi, nikashindwa. Mkono wangu umezoea boliti. Kila nilipoukunja mguu alipiga kelele. Aliyeweza ni mke wa jirani yetu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu, mtu na mkewe, wametoka mashariki ya Kongo. Mume alikuwa anauza viatu vya mtumba Owino, ingawa kwao alikuwa fundi wa malori. Mke alikuja kila asubuhi kabla ya kazi zake, akakaa kitandani, akaupakata mguu, akahesabu polepole kama anayebembeleza mtoto. Mke wangu alilia, kisha akacheka, kisha wakanywa chai. Goti likaanza kukubali.

Wakati huohuo niliona mshale wa mafuta unashuka gari likiwa limesimama. Jioni uko nusu, asubuhi umepungua. Mtu mwingine angeinama chini ya gari. Mimi nilikulia kwenye karakana ya polisi, na kule mshale ukishuka usiku hatukuuliza mpira gani unavuja. Tuliuliza nani alikuwa zamu. Madereva wetu walinyonya mafuta kwa mpira wa bustani, tukawakamata midomo ikinuka petroli. Miaka yote ile ilinifundisha kutafuta mtu kabla ya kutafuta kasoro. Na uani kwetu mtu alikuwa mmoja tu.

Nikanunua kifuniko. Mshale ukaacha kushuka. Ushahidi gani tena niliutaka?

Safari iliyofuata gari lilitembea vizuri hadi katikati ya mji, kisha likaanza kukohoa. Nilikanyaga mafuta, likazidi kudhoofika, likazima. Nilifungua boneti, nikapapasa hapa na pale, na baada ya kama nusu saa likawaka lenyewe kana kwamba halikuwa na neno. Tulipopanda tena likazima tena. Miadi ikapita, tukarudi nyumbani kwa kusimamasimama.

Jirani alinikuta uani nimeinamia injini. Aliweka mzigo wake wa viatu chini, akalizunguka gari mara moja, mikono mgongoni.

"Papa, inazima ikiwa ya moto?"

"Inazima ikitaka."

"Na ukingoja, inawaka?"

"Inawaka."

Akatikisa kichwa kama mtu anayemtambua rafiki wa zamani. "Hii si moto ya plagi, Papa. Ni tanki. Tanki yako haipumue. Umefunga sana. Fungua kidogo, utaona."

Nilisimama wima. Mpaka leo nausikia mgongo wangu ulivyonyooka, kama nimeitwa gwarideni.

"Wewe umejuaje nimefunga tanki?"

"Nimeona kifuniko."

"Kiko upande wa ukuta. Ulikwenda kutafuta nini upande wa ukuta?"

Alicheka, akidhani namtania. "Miye niko fundi, Papa. Macho inatafuta yenyewe."

"Na mkono nao unatafuta wenyewe? Tangu nifunge, mafuta hayapungui. Eleza hiyo."

Kicheko kikamkauka usoni. Mkewe alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Nilimgeukia na yeye. Nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba sasa naelewa kwa nini mke wa mwizi anaingia nyumbani kwangu kila asubuhi. Sikulazimishwa na mtu kusema hivyo.

Hawakubishana. Jumamosi ile walihama. Mke wangu aliyasikia yote, kwani kitanda chake kiko chini ya dirisha la uani. Alipoona mkokoteni unatoka na godoro lao, aliniambia neno moja tu: "Afande." Huniita hivyo anaponikasirikia.

Basi nikabaki na uwanja wangu, gari langu na kasoro yangu.

Nilianza na moto, kama tulivyofundishwa. Nilichomoa waya wa plagi, nikaushika karibu na chuma cha injini, nikapiga stata: cheche ya buluu, kali. Moto upo. Hata hivyo nikabadilisha platini ya kukatia moto, nikaiseti kwa kipande cha chuma chembamba nilichokitunza tangu kazini. Nikabadilisha kondensa. Nikabadilisha koili, kwa sababu koili ikipata joto huweza kukata moto. Kila kitu nilikipima pale uani, na pale uani injini iliimba. Iliunguruma saa nzima bila kutikisa kikombe cha chai nilichokiweka juu yake. Tulipotoka na mgonjwa, ikazima kwenye mwinuko uleule au mwingine unaofanana nao.

Nikahamia kwenye mafuta. Kabureta niliishusha, nikaipuliza vitundu vyote. Pampu niliifungua. Nilichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikapiga stata, petroli ikaruka vizuri. Bila shaka iliruka. Kufikia wakati gari linarudi uani tanki lilikuwa limekwisha kuvuta hewa kidogo kidogo kwenye upenyo fulani, limejituliza. Nilikuwa napima mgonjwa aliyekwisha kupona.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo ingemwamsha fundi yeyote. Kila nilipotoka kujaza mafuta, gari lilikwenda mbali zaidi kabla ya kuzima. Nikasema, ni petroli nzuri ya kituo kile. Kituoni sikushuka kamwe; nilimpa mhudumu ufunguo kupitia dirishani, yeye akalifungua tanki likapata hewa, nami nikabaki nimekaa kuisikiliza injini. Mtu nisiyemjua nilimkabidhi ufunguo. Jirani nilimfukuza.

Mke wangu naye aliniambia. Mara ya tatu tulipokwama, akiwa amelala kule nyuma na leso usoni kwa ajili ya jua, alisema, "Afande, hii gari haizimi. Inazimia."

"Ni yaleyale."

"Si yaleyale. Kitu ikizima, imezima. Hii inazimia kama mtu, inalala kidogo, inaamka yenyewe. Mtu akizimia mnafanya nini? Mnafungua vifungo, mnampa hewa."

"Mama, wewe angalia goti lako. Injini niachie mimi."

Goti aliliangalia. Hakuwa na kingine cha kuangalia. Ngazi hakuweza kuzipanda peke yake, kwa hiyo alikaa kitandani, au kwenye kiti mlangoni, akiona ukuta, gari, na miguu yangu ikitokeza chini ya gari. Watu wa kanisani kwake walikuja mwanzoni, kisha wakapungua. Mikono ya kumkunja mguu haikuwepo. Nilimwambia nitampigia simu mtu wa speshali, gari la kukodi, atupeleke, sikumpigia. Nilijiambia magari yao ni madogo, kiti cha nyuma hakitoshi mguu wake. Ukweli ni kwamba sikutaka majirani wamwone mke wa fundi anabebwa na gari la mtu mwingine, huku la mumewe limesimama uani. Hilo ndilo lililokuwa kufuli la pili, na hilo halikuhitaji ufunguo.

Katika mwezi wa pili tangu nifunge kifuniko nililala chini ya gari kubadilisha kipande cha mpira kinachotoka kwenye tanki. Nilipokikunja kati ya vidole, kikafunguka ufa kama mdomo. Udongo chini yake ulikuwa mweusi, unanuka petroli. Nilibaki pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Hapakuwa na mwizi. Mafuta yalidondoka yenyewe, na udongo ukayanywa. Nilipolifunga tanki mpaka likakosa hewa, mafuta yakakosa nguvu ya kudondoka, na mshale ukatulia. Ule ushahidi wangu wote ulikuwa huo.

Ningeweza kusimama, kunawa, na kwenda Owino siku ileile. Hata kile alichokisema jirani kuhusu tanki kilinijia kichwani. Nikakisukuma nje. Nikifungua kile kifuniko, nitakuwa nimekubali maneno yake yote mawili, kwamba hakuiba na kwamba anajua kazi. Nikafunga mpira mpya, nikautupa ule wa zamani jalalani, nikaingia ndani kula.

"Umepata?" mke wangu aliuliza.

"Bado."

Mara ya mwisho tuliondoka mapema, mchana haujawaka. Tulipita mjini salama, tukapita Wandegeya, tukaanza kupanda kwenda hospitali. Injini ikakohoa. Niliiomba kwa sauti, kama mtu anayemsihi ng'ombe. Ikazima katikati ya njia, tukiwa tunayaona majengo. Magari yalijaa nyuma yetu. Mwendesha boda mmoja akapenya ubavuni, akagonga paa.

"Ssebo, mzee! Songa! Unafunga balabala!"

"Imekataa!"

"Hiyo gali ipeleke kwa babu yake!"

"Babu yake ndiyo huyo anaiendesha," mke wangu alimjibu kutoka nyuma. Yule kijana akacheka mpaka karibu aanguke, kisha akashuka, akanisaidia kulisukuma pembeni.

Nilitoa dumu la mafuta kwenye buti. Nilijiambia labda mshale unadanganya, labda tanki ni tupu. Nadhani mkono wangu ulikuwa umechoka kunitii, ukajitafutia sababu. Ufunguo niliuvaa shingoni kwa kamba, mahali nilipokuwa navaa filimbi zamani. Nikaugeuza. Kifuniko hakikutaka kutoka; kilikuwa kimenyonywa ndani. Nikakipinda kwa mikono miwili.

Kikalia. Fyuuuu, mlio mrefu wa kuvuta ndani, kama mtu aliyezamishwa majini akatokeza kichwa. Mdomo wa tanki uko chini ya dirisha la nyuma, na dirisha lilikuwa wazi.

"Hiyo ni nini?" mke wangu aliuliza.

"Tanki."

"Imevuta pumzi."

Magari yalipita.

"Yule jirani alisema nini siku ile?"

"Mama, tuchelewe tena?"

"Afande, nimekuuliza."

"Alisema halipumui."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Alikuwa anajua. Alitaka nitamke. Nilitamka, nimesimama kando ya barabara na kifuniko mkononi, yule wa boda akisikiliza bila aibu. Halafu nikamwambia na habari ya mpira wenye ufa, na nimeujua tangu lini. Aligeuza uso upande wa pili wa kiti. Kiti kile ni kipana, lakini hana pengine pa kwenda. Mguu wake haumruhusu hata kunipa mgongo.

Nilichomeka kitambaa kwenye mdomo wa tanki, kwa ulegevu. Injini ikawaka mara moja, ikapanda mlima kama siku niliyoinunua.

Binti wa mazoezi alimlaza, akashika kisigino, akakunja. Goti likaenda kidogo, likagota. Akajaribu tena, taratibu. Likagota palepale.

"Mlikuwa wapi?"

"Gari lilikuwa bovu," nilisema.

"Gari ilikuwa mzima," mke wangu akasema. "Mbovu ni dereva."

Binti alicheka, kisha akatutazama usoni, akaacha. Alisema atembee kwa fimbo, kwenye sakafu iliyo sawa ataweza. Ngazi kama za kwetu, bila mtu wa kumshika, tusizitegemee. Labda kwa mikono ya kila siku angepata kidogo zaidi. Alilitaja neno "kidogo" mara mbili.

Siku ya pili nilikwenda Owino. Nilimkuta jirani amekaa juu ya boksi, amezungukwa na viatu, anapiga brashi kimoja cha kike. Aliniona. Hakuacha kupiga brashi.

"Papa, unavaa namba gani?"

"Sikuja kununua kiatu."

"Hapa watu wanakuja kununua kiatu."

Nikaweka kifuniko juu ya rundo. Alikichukua, akakigeuza, akaubonyeza ule mpira kwa dole gumba.

"Ulifungua?"

"Nilifungua."

"Ilipiga fyuu?"

"Ilipiga."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nimekuja kuomba msamaha."

Akaweka brashi chini. Uso wake ulianza kulegea, na ningeweza kuondoka na sura ile. Akauliza, "Na mafuta ilikuwa inaenda wapi?"

"Mpira ulikuwa na ufa. Niliuona mwezi wa pili tangu mhame."

"Mwezi wa pili."

"Ndiyo."

"Na hukukuja."

"Sikuja."

Akanirudishia kifuniko. "Miye nimesikia, Papa. Lakini aliyeitwa bibi ya mwizi si miye. Nitamwambia. Yeye ndiye atasema."

Zilipita wiki tatu. Asubuhi moja mkewe alishuka zile ngazi, amejifunga kitenge, mkoba begani. Nilitoka mlangoni kumpokea, maneno nimeyapanga mdomoni. Alinipita, akaingia moja kwa moja chumbani. Nikasikia vilio vya kusalimiana, vya wanawake wawili waliokosana bila kugombana. Kisha akatokeza kichwa.

"Papa, utoke. Huyu mama hataki umuangalie."

Sasa anakuja mara tatu kwa wiki, na mara tatu kwa wiki ninatolewa nje. Uani kwetu hakuna kiti kingine, kwa hiyo ninakaa ndani ya gari. Nimetoboa tundu kwenye kile kifuniko, dogo la msumari, sikifungi tena, na ufunguo wake nimeutupa. Gari halijazimia tena. Linaweza kufika popote, na ninalo, na nimekaa ndani yake, limesimama.

Dirisha la chumba liko wazi. Ninamsikia akihesabu. Akifika sita, mke wangu anapiga ukelele.

"Ongeza," anasema mke wangu.

"Haiongezeki, mama."

"Ongeza tu."

Anaanza tena, moja, mbili. Mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili. Ninasikiliza, kama nilivyofundishwa kusikiliza injini, niijue namba ambayo goti litagotea.